Vyeti vya fedha au ujuzi wa kiufundi: ulinganisho kwa anayetaka kubadili kazi

Mwalimu wa hisabati aliyechoka na chaki. Karani wa benki anayeona foleni ya wateja ikipungua mwaka hadi mwaka kwa sababu watu wanatumiana fedha kwa simu. Mhudumu wa mapokezi hotelini mwenye shahada ya sosholojia. Wote hawa wakiuliza wafanye nini ili wahame kazi, hupewa majibu mawili. Mmoja atawaambia, "Soma CPA, hutalala njaa." Mwingine atawaambia, "Achana na mitihani, jifunze data na programu, dunia imehamia huko." Kila mshauri ana mifano ya watu anaowafahamu, na mifano yenyewe ni ya kweli. Aliyeomba ushauri huondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Ninaposema vyeti vya fedha nina maana ya CPA, yaani cheti cha uhasibu wa kitaaluma, iwe ya NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, au ya KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya, pamoja na ACCA, cheti cha uhasibu chenye asili ya Uingereza, na CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji. Ninaposema ujuzi wa kiufundi nina maana ya kuchambua data kwa Excel, SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) na Power BI (programu ya kutengeneza ripoti), kuandika programu kwa lugha kama Python au JavaScript, na kazi za jirani kama kusimamia mitandao na mifumo. Ninayemwandikia si kijana aliyemaliza kidato cha sita. Ni mtu mwenye kazi tayari, mwenye kodi ya nyumba, pengine na watoto, ambaye akikosea njia atapoteza miaka ambayo hairudi.

## Vigezo vya kupimia

Wengi huanza na mshahara. Mimi nauweka kando, kwa sababu mhasibu wa shirika la kimataifa na mhasibu wa duka la jumla wanaweza kuwa na cheti kilekile na mishahara isiyokaribiana hata kidogo. Hali ni hiyohiyo kwa waandika programu. Maswali yanayomsaidia mtu kuamua, kwa maoni yangu, ni haya matano:

- Itanichukua muda gani nikiwa bado kazini?
- Itanigharimu kiasi gani, na nitalipa kwa sarafu ipi?
- Ni nani atakayeamua kwamba nimefuzu, na mwajiri atamwamini?
- Nikikwama katikati, nitabaki na nini mkononi?
- Nilichojifunza kitadumu?

Swali la nne halizungumzwi sana, nami naliona zito kuliko mengine yote. Mtu mzima anayesoma usiku hukatizwa na mengi: mtoto anaugua, bosi anamhamishia mkoa mwingine, ada ya shule inameza akiba. Kwa hiyo njia zote mbili lazima zipimwe kwa siku ya kufaulu na kwa siku ya kukwama pia.

## Vyeti vya fedha

Muda. NBAA hufanya mitihani mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. KASNEB hufanya mara tatu, Aprili, Agosti na Desemba. Ratiba hizo zina maana kubwa: ukianguka somo Mei nchini Tanzania, unasubiri hadi Novemba. Asiye na msingi wa uhasibu ajiandae kwa miaka mitatu au minne ya kusoma jioni. Aliyesoma uhasibu chuoni husamehewa sehemu ya mwanzo. ACCA ina mitihani 13, na waliosoma masomo yanayofanana nao wanaweza kusamehewa baadhi ya ile ya mwanzo. CFA ina ngazi tatu, na taasisi inayoitoa hupendekeza takriban saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Zipime saa hizo kwa maisha yako. Anayerudi nyumbani saa moja usiku na kupata saa mbili za utulivu kwa siku tano za wiki atahitaji wiki 30 kwa ngazi moja tu, kama hakuna usiku hata mmoja utakaoharibika.

Kufaulu mitihani pia si mwisho. Mwanachama kamili wa ACCA lazima awe na miezi 36 ya kazi inayohusika. CFA inadai saa 4,000 za kazi katika kipindi kisichopungua miezi 36. Bodi za uhasibu za kwetu nazo hutazama uzoefu kabla ya kukusajili kwa ngazi kamili. Anayetoka fani nyingine asisahau kipindi hiki: utakuwa umefaulu, lakini utaanza kazi kama mhasibu mchanga, huenda chini ya msimamizi uliyemzidi umri.

Gharama. Tofauti kubwa hapa ni sarafu. Ada za NBAA na KASNEB ni za shilingi, na unaweza kuandikisha masomo machache kila msimu kadiri mfuko unavyoruhusu. ACCA hulipwa kwa pauni: kujiandikisha, ada ya mwaka, na kila mtihani. Ada ya mwaka hudaiwa hata mwaka ambao hukufanya mtihani wowote. CFA hulipwa kwa dola, na ngazi moja hugharimu kama dola 1,000 au zaidi kulingana na unavyowahi kujiandikisha. Kuna ufadhili wa taasisi yenyewe kwa wasioweza kulipa ada kamili, na wengi hawajisumbui kuuomba. Uombe. Juu ya yote hayo ongeza madarasa ya jioni na vitabu.

Nani anaamua. Hapa ndipo vyeti vina nguvu ambayo ujuzi wa kiufundi hauna. Nyuma ya CPA kuna sheria. NBAA ilizaliwa na sheria ya mwaka 1972, na Kenya ina Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008. Ripoti ya ukaguzi wa hesabu za kampuni haisainiwi na mtu asiyesajiliwa, hata awe hodari kiasi gani. Kwa mtu asiye na mjomba ofisini hiyo ni neema kubwa: meneja wa rasilimali watu aliye Arusha hahitaji kukufahamu wala kufahamu chuo ulichosoma, herufi tatu zimeshasema. Zinasema pia mbele ya wafadhili, mabenki na mamlaka ya kodi.

Lakini cheti hukuingiza kwenye orodha ya usaili, hakikupi kiti. Matangazo mengi ya kazi huweka sharti la uzoefu chini ya sharti la CPA. CFA inahitaji uangalifu zaidi. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hazifiki 40. Nairobi ni takriban 60. Wanaoajiri wachambuzi wa uwekezaji ni mameneja wa mifuko, madalali wa hisa, mifuko ya hifadhi ya jamii, idara za hazina za mabenki na taasisi chache nyingine. Kama huwezi kutaja ofisi kumi katika mji wako ambazo zingekuajiri kwa sababu ya CFA, anza na kingine.

Ukikwama katikati. CPA iliyoishia nusu ina thamani fulani. Kuna waajiri wanaomkubali aliyemaliza ngazi ya kati, na elimu ya hesabu hukusaidia hata ukiendesha biashara yako. Ila faida kubwa ya njia hii iko mwishoni. Mwenye masomo mawili yaliyobaki bado si CPA, na masomo hayo mawili yanaweza kumla miaka. ACCA inatoa miaka saba ya kumaliza ngazi ya mwisho tangu ufaulu somo la kwanza la ngazi hiyo. Ikipita, masomo uliyofaulu huanza kufutwa. Ukiwa na ndoa changa au kazi ya kusafirisafiri, fikiria jambo hili mapema.

Kudumu. Msingi wa uhasibu ni wa kale. Kanuni ya kuandika kila muamala pande mbili ilichapishwa na Luca Pacioli huko Venice mwaka 1494, na mpaka leo hesabu za kijiji na za benki kuu husimama juu yake. Sheria za juu yake hubadilika: utaratibu wa kuripoti mikataba ya upangaji ulibadilika mwaka 2019, wa bima mwaka 2023, na kiwango kipya cha kuwasilisha taarifa za fedha kinaanza kutumika mwaka 2027. Ndiyo maana mwanachama wa ACCA hudaiwa vipengele 40 vya kujiendeleza kila mwaka.

Kinachopungua ni kazi ya mkono. Serikali ya Tanzania hulipa kupitia mfumo wa MUSE, Kenya imewapeleka wafanyabiashara kwenye ankara za kielektroniki za eTIMS, na malipo ya simu hujiandikisha yenyewe. Mhasibu ambaye kazi yake yote ni kuingiza risiti anapaswa kuwa na wasiwasi, awe na CPA au asiwe nayo.

Zinamfaa nani. Mtu anayeweza kukaa na kitabu miaka mitatu bila tuzo ya haraka, anayependa sheria na utaratibu, mwenye kipato cha uhakika cha kumbeba. Zinamfaa sana aliye tayari ndani ya benki, halmashauri au idara ya manunuzi, kwa kuwa uzoefu wake unaweza kuanza kuhesabiwa pale alipo.

## Ujuzi wa kiufundi

Muda. Excel ya uhakika pamoja na SQL ya kufanyia kazi hujifunzika kwa miezi minne hadi sita ya jioni. Cheti cha Google cha uchambuzi wa data kilichopo Coursera, jukwaa la masomo ya mtandaoni, kimepangwa kumalizika ndani ya miezi sita kwa saa kama kumi kwa wiki. Kuandika programu kwa kiwango cha kuajiriwa ni jambo jingine: weka mwaka mmoja au zaidi, na usiamini tangazo linalokuahidi kazi baada ya miezi mitatu.

Hakuna Mei wala Novemba. Unaanza leo usiku ukitaka. Uhuru huo umewaangusha wengi, kwa sababu hakuna anayekusubiri na hakuna ada iliyolipwa inayokuuma. Anayejijua kuwa hafanyi kitu bila tarehe ya mwisho atafute darasa lenye ratiba, au ajiunge na wenzake watatu wanaokutana kila Jumamosi na kukaguana kazi.

Gharama. Masomo yenyewe yanaweza kuwa ya bure kabisa. Somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta la Harvard, CS50, liko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza kuandika programu, haitozi chochote. Coursera hupokea maombi ya msaada wa ada. Gharama iko kwingine: kompyuta mpakato, hata iliyotumika, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 ili isikwame, bando la kutosha kutazama video na kupakua programu, na umeme. Watu hupanga kujifunzia kwenye simu. Kwa kutazama masomo inawezekana, kwa kufanya kazi haiwezekani. Mwenye bajeti ndogo anunue kompyuta kwanza, cheti baadaye.

Ipo gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bei. Karibu kila kitu katika fani hii kimeandikwa kwa Kiingereza, pamoja na ujumbe wa makosa unaotokea kwenye kioo. Ambaye Kiingereza chake kimelala tangu shule atahitaji kukiamsha. Mitihani ya uhasibu nayo ni ya Kiingereza, ila kule msamiati hujirudia somo hadi somo.

Nani anaamua. Anaamua anayeiona kazi yako. Hakuna bodi inayokuthibitishia, na vyeti vya mtandaoni ni vingi mno kiasi kwamba mwajiri hupita juu yake upesi. Kinachomsimamisha ni kitu kinachofanya kazi. Tuseme umeomba ruhusa kwenye chama chenu cha akiba na mikopo, ukaondoa majina ya wanachama, ukatengeneza ripoti inayoonyesha mikopo iliyochelewa kwa siku 30, 60 na 90, na mweka hazina akaanza kuitumia kila mwisho wa mwezi. Kazi hiyo inazungumza kuliko vyeti vitano. Aliyejenga duka dogo la mtandaoni linalopokea malipo kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia waandika programu, ana la kuonyesha Nairobi yote.

Ugumu ni kuipata hiyo nafasi ya kuonyeshwa. Cheti cha bodi husafiri peke yake hadi kwenye meza ya mwajiri. Kazi nzuri iliyo kwenye kompyuta yako haisafiri mpaka mtu aifungue. Kwa hiyo njia hii inamdai mtu awe na uthubutu wa kuandikia watu asiowafahamu, kuhudhuria mikutano ya wataalamu, na kukubali kazi ndogo za majaribio.

Dhana kwamba teknolojia haiulizi shahada pia ni kweli nusu. Kampuni changa na wateja wa nje mara nyingi hawaulizi. Utumishi wa umma unauliza: nafasi za Afisa TEHAMA serikalini Tanzania hutangazwa kwa sharti la shahada ya fani hiyo, na matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida huweka kikomo cha umri wa miaka 45. Mwenye miaka 43 anayeota ajira ya serikali aisome mistari hiyo kabla ya kutumia fedha.

Lipo na suala la akili bandia. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kazi nyingi alizokuwa akipewa anayeanza, kama kuandika ukurasa mwepesi wa tovuti au hoja rahisi ya SQL, hufanywa kwa dakika chache na mashine. Hilo halijaifuta fani, ila limeinua kizingiti cha kuingilia. Anayeingia sasa anatakiwa ajue kukagua majibu ya mashine na kuielewa biashara anayoihudumia. Na hapa mbadili kazi ana kitu ambacho kijana wa chuo hana: miaka kumi ya kujua jinsi hospitali, shule au ghala linavyofanya kazi kweli.

Ukikwama katikati. Hapa ujuzi wa kiufundi una faida iliyo wazi. Mwalimu aliyeishia kwenye Excel atapanga matokeo ya shule nzima kwa nusu saa. Karani aliyejua SQL kidogo atakuwa yeye anayeitwa ripoti inapotakiwa haraka. Ulichojifunza wiki hii unaweza kukitumia Jumatatu. Upungufu wake ni kwamba hakionekani kwa mtu wa nje. Kwenye wasifu wako unaandika "najua SQL" kama wanavyoandika wengine elfu moja.

Kudumu. Vyombo hupita, na kuna vinavyobaki. Flash, programu ya michoro na video za tovuti iliyowalisha watengeneza tovuti wengi, ilizimwa mwishoni mwa mwaka 2020. SQL iliasisiwa na watafiti wa IBM mwaka 1974, na hadi leo ndiyo lugha ya kuulizia hifadhidata za mabenki na kampuni za simu. Python ilitoka mwaka 1991. Mwenye muda mchache ajifunze vile vilivyokwishapita majaribio ya miongo, aviache vya msimu kwa wenye nafasi.

Unamfaa nani. Mtu anayefurahia kung'ang'ana na kosa mpaka saa sita usiku bila kuambiwa na mtu. Anayehitaji mabadiliko madogo ndani ya mwaka huu. Mwenye fani nyingine anayotaka kuiongezea nguvu, si kuitupa. Na anayelenga kampuni binafsi, mashirika au wateja wa nje, kuliko serikali.

## Pale njia zinapokutana

Soko lenyewe linazisogeza karibu. CFA sasa ina moduli za vitendo, na mojawapo katika ngazi ya kwanza ni ya Python. ISACA, chama cha kimataifa cha wakaguzi wa mifumo, ina cheti cha CISA, cha ukaguzi wa mifumo ya kompyuta, ambacho kina mtihani mmoja wa maswali 150 na kinadai uzoefu wa miaka mitano, baadhi ukiweza kupunguzwa kwa elimu. Mkaguzi anayejua SQL hapimi sampuli ya miamala 60. Anaipitia yote laki mbili na kuona ankara iliyolipwa mara mbili. Mtu wa namna hiyo ni adimu kwetu, na wanaomhitaji wanajua kwamba ni adimu.

Lakini usianze vyote kwa pamoja. Saa kumi za wiki zikigawanywa mara mbili hazitoshi kwa chochote.

## Kulingana na hali yako

Uko benki au kwenye idara ya fedha na una shahada ya uhasibu: CPA iko karibu nawe kuliko kitu kingine, maana utasamehewa sehemu yake. Jifunze Excel ya juu kati ya msimu mmoja wa mitihani na mwingine, wiki zile unazosubiri matokeo.

Una shahada isiyohusika na fedha, miaka chini ya 35, na kipato cha uhakika: njia zote mbili ziko wazi. Tazama aina ya mwajiri unayemtaka. Kwa serikali, mashirika ya wafadhili na kampuni za ukaguzi, elekea CPA au ACCA. Kwa kampuni za simu, za fedha za kidijitali na kazi za mbali, elekea data.

Umeshapita miaka 40 na una majukumu mazito: sikushauri uanze mitihani 13 ya ACCA bila kuhesabu uzoefu utakaodaiwa baadaye. Ongeza ujuzi wa data juu ya fani unayoijua na ubaki ndani ya sekta yako, ukihamia cheo kinachohusu ripoti, mipango au mifumo.

Unapanga kuhama nchi: ACCA na CFA zinatambulika katika nchi nyingi, CPA za kwetu zaidi katika ukanda wetu. Ujuzi wa programu nao unavuka mipaka, ila viza ya kazi katika nchi nyingi hutazama shahada au miaka ya uzoefu ulioandikwa.

Kipato chako hakina uhakika, leo unacho kesho huna: anza na ujuzi unaoweza kuusimamisha na kuuendeleza bila adhabu ya ada. Ukitulia na bado unautaka uhasibu, NBAA au KASNEB kwa somo moja au mawili kila msimu.

Bado hujui: tafuta mtihani uliopita wa somo la kwanza utakalolifanya na ujaribu maswali yake kwa wiki mbili, kisha wiki mbili nyingine ufanye masomo ya mwanzo ya SQL ya bure. Usilipe ada yoyote ndani ya mwezi huo. Andika kila usiku umekaa muda gani kabla ya kufunga kitabu au kompyuta, na uamue kwa kuisoma karatasi hiyo.